Ziwa Lililofunikwa na Magugu

Roda, muuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, alimsihi mumewe kwa miaka kumi ampeleke Kisumu akalione ziwa. Mwaka 1997 Mohamednoor, dalali wa mifugo, akakubali. Walisafiri siku mbili, na kwenye kila kizuizi cha polisi wao ndio walioshushwa basini kuonyesha vitambulisho, kwa kuwa ni Wasomali.

Walianzia makavazi ya Kisumu. Mwelekezi aliwaonyesha boma la Kiluo: nyumba ya mke mkubwa, ya wa pili, ya wa tatu. Mohamednoor akauliza maswali mengi kuliko watoto wa shule.

"Na huyu wa pili hujengewa upande gani?"

"Baba Sahro, tumekuja kuona ziwa," Roda akamkatiza mumewe.

Walipofika ufukweni, maji hayakuonekana. Magugu ya kijani yalikuwa yametanda mpaka upeo wa macho. Roda akashika kiuno. Mumewe alikuwa ameshainama, anang'oa jani na kulinusa.

"Wallahi, haya ni malisho! Mbuzi huyala?" akamuuliza mvuvi mmoja.

"Miaka kumi nangojea maji," Roda akafoka, "nawe unatafuta majani ya mbuzi!"

Alivua viatu, akamtupia, akaingia. Tope likimfika magotini, aliyasukuma magugu kwa mikono miwili mpaka pakafunguka maji ya upana wa sinia. Akayateka kwa viganja, akanawa uso huku bado amenuna.

"Ni baridi?" Mohamednoor aliuliza kutoka ukingoni.

"Njoo ujionee mwenyewe."

Akaweka viatu chini, akapandisha kikoi chake, akamfuata.