Cheche Ukutani mwa Chekechea

Nikikumbuka siku ile damu bado inanichemka, acha niseme. Mdogo wangu, mtaani wanamwita Macho Manne kwa ile miwani yake nzito ya kazini, ni fundi wa mashine ya leza. Mashine yenyewe hukaa garini, ng'ambo ya barabara. Inapiga pigo moja la mwanga mkali hewani, ukutani inaruka cheche ndogo, na kompyuta inausoma mwanga wa ile cheche kujua ukuta una madini gani.

Yeye na msimamizi wake walitumwa chekechea ya mtaani kwetu kuangalia kama rangi ya ukuta ina risasi, yale madini yenye sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Mwenye shule, mjanja wa mjini, alikuwa amepaka rangi mpya wiki hiyohiyo! Pigo la kwanza, safi. Msimamizi akasema, "Funga vyombo, twende zetu."

"Bosi, hapo tumesoma rangi ya juzi," mdogo wangu akamjibu. "Lazima nipige palepale mpaka nifike chini."

"Kwani shule ni yako?"

Jamani! Mtu mzima, mwenye watoto! Mdogo wangu hakumsikiliza. Akapiga palepale, tena na tena, kila cheche ikila rangi kidogo. Ikatokea risasi, tele. Msimamizi akanywea, na shule ikafungwa.

Sasa wazazi walimgeukia nani? Mwenye shule? Thubutu! Walikuja mlangoni kwetu. "Umetufungia shule, watoto tuwaache wapi?" Aliyepaza sauti kuliko wote ni jirani yetu mshona nguo. Alimwita mdogo wangu mchawi, mbele yangu! Shukrani ya punda ni mateke, najua, lakini yale yalipita kiasi. Nikatoka na huu ulimi wangu, wanaujua. Nikawaambia wamfuate aliyepaka, si aliyefichua. Wakaondoka wamenuna.

Jioni mshona nguo akarudi peke yake. Nikaziba mlango. "Umebakisha tusi gani?"

Akamuuliza mdogo wangu, aliyekuwa nyuma yangu:

"Hiyo rangi ya chini, ndiyo ile ya kijani?"

"Ndiyo."

"Mwanangu huwa anaibandua anaitafuna. Kila mwalimu akinishtakia, namchapa kwa utundu."

Mdogo wangu alikuwa ameshavaa viatu. "Yuko wapi? Twende naye hospitali, sasa hivi."