Siku Felista Alipoketi na Wageni

Pale Kinyangiri, mtu akitaka kuoza mwanawe na wageni washibe, alimwendea kwanza Felista, kisha ndipo amtafute mchungaji. Mama huyu alikuwa amesonga ugali wa harusi na misiba tangu ujana wake, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, na hakuna aliyewahi kukuta mabuje, vile vidonge vya unga mbichi, kwenye tonge lake. Sifa hizo alizipenda, tusidanganyane. Enzi zake alikuwa radhi aumwe, mradi isisemwe kwamba shughuli ya fulani ilipwaya naye yupo.

Happiness, mke wa mwanawe Naftali, ambaye siku hizi aliitwa Mama Noel, alizikuta sifa hizo siku alipoolewa, na zilimtia hofu. Alimpenda mama mkwe wake, ila kila aliposhika mwiko mbele yake alimchungulia usoni kuona kama amekosea. Ndiyo maana alijua kabla ya wengine kwamba macho ya Felista yameanza kufifia. Mwaka jana, kwenye sherehe ya kipaimara, mzee wa kanisa aliuma jiwe kwenye wali ambao Felista mwenyewe ndiye aliyechagua mchele wake. Mzee akalitema kiganjani, akalificha chini ya sahani, akaendelea kula kwa adabu. Happiness aliona. Tangu hapo, kila Felista akimaliza kuchagua mchele, mkwe wake alibeba ungo hadi nyuma ya nyumba, akauchagua upya kimyakimya. Aliona ndiyo heshima yenyewe.

Kisha likatoka tangazo kanisani na msikitini: madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya, watapasua watu wenye mtoto wa jicho, na zoezi ni Jumamosi tu. Jumamosi hiyohiyo Calist, mwana wa Antipasi, alikuwa anaoa. Antipasi ni mdogo wa marehemu mume wa Felista, na alikwisha kutangaza kijiji kizima nani atasimamia jiko.

Alikuja jioni kupanga mambo ya kuni. Felista alimwacha amalize, akamwambia, "Shemeji, Jumamosi sipo. Naenda kupasuliwa macho."

Antipasi alicheka akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Shemeji, watu watasemaje?"

"Watasema nimekwenda hospitali."

"Si ungengoja wakija tena?"

"Wakija tena nitakuwa napapasa ukuta." Felista hakupandisha sauti. "Antipasi, harusi yako nilipika Naftali akiwa kichanga mgongoni, hata arobaini yangu haijaisha. Moshi ulimkohoza mwezi mzima. Nilisifiwa sana. Unakumbuka nilivyosifiwa?"

Antipasi alikumbuka. Akaitazama kofia yake mkononi kama aliyeiokota njiani.

"Basi atapika nani?"

"Mama Noel."

Happiness alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, nusura akiangushe. Antipasi alipoondoka, alijaribu kujitetea, kwamba hawezi, kwamba ataiaibisha familia. Felista akamkatiza.

"Wewe unayechagua mchele wangu upya nyuma ya nyumba utashindwa nini? Usinitazame hivyo. Yaliyoharibika ni macho, masikio bado ninayo. Ungo ninausikia."

Happiness alitamani ardhi ipasuke. Lakini mama mkwe alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo, na hapo ndipo Happiness alipogundua kwamba miezi yote ile aliyekuwa anamfichia aibu hakuwa na habari na aibu hiyo tena.

Jumamosi Happiness alisonga. Alivumilia maumivu ya jino lililokuwa likimsumbua kwa majuma kadhaa, shavu amelifunika kwa khanga, kwa sababu mpishi wa harusi haugui. Ugali ulitoka na mabuje. Si mengi, lakini yalikuwepo, na kina mama wawili watatu walitazamana.

Ugali ulikuwa bado unafuka moshi bodaboda ilipomshusha Felista, jicho moja limezibwa kwa bandeji. Watu walimpisha njia ya kwenda jikoni. Hakwenda. Alikaa kwenye kiti katikati ya wageni, akaomba maji ya kunawa.

Felista alimega tonge, akakutana na buje, akalitafuna, akameza. Kisha akamega lingine haraka, akipuliza vidole.

"Jamani," alisema kwa sauti, "kumbe ugali wa harusi ukiwa wa moto ndivyo ulivyo mtamu hivi!"

Watu wakaangua kicheko. Happiness hakuweza kucheka. Miaka yote ile hakuwahi kumwona mama huyu akila kwenye shughuli, isipokuwa ukoko uliopoa, wageni wakiwa wamekwisha kuaga. Machozi yalimtoka, na alipoulizwa akasingizia moshi.

Asubuhi yake alimsindikiza kituoni kuondolewa bandeji. Nesi aliibandua taratibu. Felista alipepesa, akatazama dirisha, akatazama viganja vyake mbele na nyuma. Halafu akamgeukia mkwe wake, akamtazama muda mrefu, na tabasamu likamwisha usoni.

"Mama Noel, shavu hilo limevimba tangu lini?"

"Si kitu, mama. Ni jino tu. Nitakwenda nikipata nafasi. Masufuria ya baba mdogo bado yananingoja."

Felista alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye benchi la wagonjwa wa meno upande wa pili wa uwanja, akaketi naye bega kwa bega.

"Antipasi ana mikono, ataosha," alisema. "Mimi haya nimejifunza nikiwa bibi. Wewe jifunze ukiwa bado na meno."