Saa Zangu za Kuandika

Nilirudi kwa mama, Mlabani, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Nilikuwa nimemaliza kuwahoji wakulima wa mpunga kule Malinyi. Madaftari yamejaa, lakini sijaandika hata sura moja. Msimamizi wangu alinipigia simu kutoka chuoni. Hakunigombeza.

"Usisubiri mpaka ujisikie kuandika," alisema. "Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, kaa mezani. Zima simu, funga mlango. Andika hata vibaya, utarekebisha baadaye. Na kabla hujainuka, andika kesho utaanzia wapi."

Nilimweleza mama. Yeye aliishia darasa la saba, ila masharti yale aliyashika kuliko mimi. Akirudi kutoka misa ya asubuhi alivua kandambili nje, asinipigie kelele. Uwanja haukufagiliwa mpaka saa tatu ipite. Mtu akibisha hodi, nilimsikia mama akimnong'oneza, "Yuko kazini. Njoo baadaye." Kurasa zikaanza kuongezeka. Kufikia masika nilikuwa na sura mbili.

Jumanne moja nilichelewa kidogo kutoka, maana kuna aya nilitaka niimalize. Nilimkuta mama jikoni, ameketi chini, ameegemea ukuta. Chai imemwagika. Mdomo umekwenda upande.

"Mama! Imeanza saa ngapi?"

Alijitahidi kutamka. "Nilipotoka... kanisani."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa... unaandika."

Nilimkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari naye aliuliza kiharusi kilianza saa ngapi. Nilipomjibu, aliandika, akatazama saa. Mama aliishi siku kumi na moja.

Baada ya mazishi sikugusa madaftari kwa miezi kadhaa. Nikikaa mezani nilihisi naitwa. Nikitoka, hakuna mtu. Dada yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Mahenge kwa ajili ya msiba akabaki nami, aliniambia, "Mdogo wangu, mama alikuwa na presha, na dawa alikuwa anaziruka. Hukumuua wewe."

Nilimsikia. Kumwamini kulinishinda.

Msimamizi alinishauri nianze na sentensi moja kwa siku, na kila Ijumaa nimtumie nilichonacho, kiwe kizuri au kibaya. Nikafanya hivyo. Dada alikaa chumba hichohicho nilichoandikia, akichambua mchele kwenye ungo, kwa sababu peke yangu sikuweza. Sentensi ikawa aya, aya ikawa ukurasa. Kuna Ijumaa nilituma mistari miwili tu, naye akajibu, "Nimepokea." Hivyo hivyo mpaka tasnifu ikaisha, nikaitetea, nikapita. Siku ya mahafali nilivaa joho, nikapiga picha na dada, tukalia wote wawili mbele ya mpiga picha.

Wiki niliyorudi nyumbani kutoka chuoni, mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa alikuja na mguu umevimba.

"Daktari, hebu niangalie hapa."

"Shikamoo, mama. Mimi udaktari wangu ni wa mambo ya mpunga."

"Marahaba. Sasa huo wa mpunga unamtibu nani?" Hakuwa anatania.

Nilijifunga kanga, nikampeleka hospitali, nikakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa.