Waya aliniketisha upande wa pili, halafu mawe yakaanza

Wakuu, hamjambo huko. Mimi ni wa kusoma tu hapa, hata comment sijawahi kuacha. Lakini hii imenikaa kooni, na nitaisema vile ilikuwa. Sitaongeza chumvi.

Niko Form Four, naishi Nyamasaria. Kuna dada ya baba, sisi tunamwita Waya. Anaishi Bondo na anafundisha peace studies chuo kikuu. Mimi pia nataka kusomea hiyo. Shida ni niko na aibu mbaya, kwa hivyo nikisema watu hucheka.

Likizo akaniambia, "Kuja uone kazi yenyewe, si ile ya vitabu."

Tukaenda soko moja mbele ya Kisian. Vibanda vya mboga vilikuwa vimeungua. Wauza mboga wengi ni Waluhya, wauza samaki ni sisi Wajaluo. Hakuna aliyejua moto ulitoka wapi. Wa mboga wakasema ni sisi. Vijana wetu wakasema basi wahame.

Sasa, Waya ana mtindo wake. Kila kikao cha kupatanisha watu huja na mtu wa nyumbani kwake, halafu anamketisha upande wa pili. Siku hiyo mtu alikuwa mimi.

Kikao kilikuwa kanisani. Nikawekwa katikati ya wamama wa mboga.

"Huyu ametumwa kutusikiza," mmoja akasema.

"Asikize nini na vile anatetemeka?" akajibu Mama Nekesa, tuliyekuwa naye benchi moja. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Ndio mawe yakaanza kwa mabati.

Wakuu, mawe juu ya mabati na wewe uko ndani, hiyo kelele inaingia mpaka kwa meno. Vijana wetu walikuwa nje, na mlango ni mmoja.

Mama Nekesa akanivuta chini ya benchi, akanifunika na leso yake. Ilinuka dania. Nikachungulia nimtafute Waya. Aliniona. Macho yetu yalikutana kabisa.

Hakuja.

Alibaki tu mbele, amesimama. Hiyo iliniogopesha kuliko mawe.

Mzee mmoja wa upande wa samaki akakimbia mlangoni, akapiga nduru: "Weuru! Nyathiwa ni iye!" Yaani wacheni, mtoto wetu yuko ndani.

Mawe yakakoma hapo hapo.

Watu wakaanza kupumua. Kisha Mama Nekesa, bado amenishika mkono, akauliza: "Na kama huyu mtoto hangekuwa hapa, Mzee?"

 Mzee hakurudi kwa kiti chake. Aliketi pale pale sakafuni, karibu na sisi. Ndio watu wakaanza kuongea vizuri. Wale wamama hawajahama mpaka leo.

Jioni nikamuuliza Waya mbona hakuja.

"Ningekuja, ningekuwa nimewaambia wale wamama wewe pekee ndiye mtu."

Akainua kikombe kwa mikono miwili, bado chai yote ikammwagikia mapajani. 

Nilikuwa nafikiri kazi hii ni ya watu hawaogopi. Kumbe ni kuogopa na kubaki hapo hapo. Kozi bado naitaka. Lakini mvua ikianza kwa mabati yetu, kwanza naangalia mlango uko wapi.

Mnijibu polepole, tafadhali: wewe ungemketisha mtoto wako pale?