Mkungu wa Ndizi Katika Chumba cha Meli

Mimi sikuwa na haja ya bahari. Watu wa Kinole, huku milimani Uluguru, wanaonijua wanajua kwamba tangu nilipookoka katika boti iliyozama, maji mengi kwangu mwisho wake ni ndoo. Lakini binti yetu Rehema anafanya kazi ya kutandika vyumba kwenye meli moja ya matembezi, inayotoka Dar kwenda Unguja, Pemba na Tanga, kisha inarudi. Mfanyakazi anaruhusiwa mara moja kwa mwaka kuwapandisha wazazi wake, kama kuna chumba kilichobaki wazi. Rehema alipopiga simu, mama yake aliitikia kabla hajamaliza kueleza. Mimi nikasema siendi. Mama Rehema hakubishana. Alisema basi ataenda peke yake, na hilo sikuliweza.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Zamani mimi na shemeji yangu Athumani, kaka yake Mama Rehema, tulikuwa tunapeleka mananasi Unguja kwa boti ya mizigo. Chini kulikuwa na kijumba cha kulala. Siku ile wakala Ramadhani Chandu alipokea mzigo wa kila aliyekuja, na nahodha Hemedi Kungu akaruhusu magunia ya vitunguu yapangwe kwenye korido mpaka darini. Athumani alishikwa na kichefuchefu, akashuka kulala. Mlango wa kijumba kile ulikuwa unafunguka kwa nje. Boti ilipolala ubavu, magunia yaliuegemea. Mimi nilikuwa juu. Nilishuka nikavuta magunia mpaka maji yakaninyanyua. Sauti yake nilikuwa naisikia.

Kungu aliogelea akafika. Chandu hakuwemo hata botini, na leo ana maduka. Nayaandika majina yao hapa kwa sababu hakuna mahali pengine yalipoandikwa. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Rehema alikua bila mtu huyo, Athumani alipokufa alikuwa hajaota hata meno yote.

Tangu hapo nikiwa ndani ya chumba na mlango ukafungwa, mwili unatoka wenyewe, mimi naufuata nyuma. Kwetu nalala mlango umeegeshwa, na majirani wameshazoea. Kwa hiyo hofu yangu ya safari ilikuwa moja tu: nitaweza kukaa na mke wangu ndani ya chumba cha meli, au nitamharibia mapumziko yake na kumwaibisha mtoto kazini kwake?

Alfajiri ya kuondoka, Kinole ilikuwa na ukungu, hata migomba ya jirani haionekani. Nilitoka na kibegi changu kimoja, nikamkuta Mama Rehema amepanga barazani mkungu mzima wa ndizi, fenesi lililoiva, kiroba cha magimbi na furushi la mdalasini. Nikamwambia kule tunakokwenda kuna jiko na wapishi. Akaniuliza kama meli ile si ndiyo anayokaa mwanawe. Nikasema ndiyo.

"Sasa niingie kwa mwanangu mikono mitupu, kama mtu wa ushuru?"

Nikabeba fenesi.

Pikipiki mbili zilitushusha mpaka barabara kubwa, kisha gari mpaka Bigwa, kisha Msamvu kwenye mabasi. Treni ya umeme ingetufikisha upesi, lakini kwa mkungu ule niliona tusijisumbue. Tulipofika Mikese fenesi lilikuwa limeshajaza basi zima kwa harufu. Kondakta alipita akauliza mama huyo mnene aliyekaa chini ya siti amekata tiketi. Mama Rehema akamjibu kwamba ni mjamzito, apewe nafasi. Basi zima lilicheka, hata mimi.

Mchana tulifika bandarini Dar es Salaam. Rehema alikuja kutupokea amevaa sare ya bluu iliyopigwa pasi, nywele amezibana nyuma, nikaona mtu mzima wa watu. Alitupa shikamoo, akamkumbatia mama yake, halafu macho yakatua kwenye mkungu. Alivuta pumzi kama anavyovuta tangu mdogo akitumwa kisimani mara ya pili.

Sasa niwaelezee chumba, maana najua wengi mtaniuliza. Ni kidogo kuliko jiko letu. Vitanda viwili vyembamba, godoro zuri, shuka nyeupe za kukaza, na kila kitanda kina ubao pembeni ili usidondoke meli ikiyumba. Chini ya kitanda kuna droo ndefu. Kabati lake ni upana wa kanga iliyokunjwa mara nne. Rafu iliyo juu ya kichwa imewekewa kingo, kikombe hakiporomoki. Ukutani kuna vibanio vya kutundikia nguo, na majaketi ya kujiokolea yako juu ya kabati, mahali ambapo mkono unafika. Dirisha ni la duara na halifunguki. Choo kiko humo humo, ukiingia unainua mguu. Hewa inatoka darini, baridi kama ya Kinole. Mkijaliwa kwenda, bebeni begi laini la kukunjika, ukishatoa nguo linaingia kwenye droo. Sanduku gumu halina pa kukaa, utalala nalo.

Na mkungu wa ndizi hauna pa kukaa kabisa. Fenesi liliwekwa kabatini, kabati likakataa kufungwa. Magimbi yakaenda chini ya meza. Mkungu ulijaribiwa kitandani, ukajaribiwa chooni, mwisho ukasimamishwa nyuma ya mlango. Rehema akaniambia kwa upole, "Baba, milango ya huku inafunguka kwa ndani. Hata mtu akipanga gunia korido, wewe unavuta tu unatoka." Alidhani ananituliza. Mimi nikatazama ule mkungu uliosimama ndani, pale pale mlango unapopaswa kufungukia. Nikatoka nikaenda kusimama korido, nimeshika ukuta.

Rehema alimsihi mama yake vitu viende stoo. Alimwambia ni sheria, mbele ya mlango hapawekwi kitu. Mama Rehema akasema sheria ya meli ameisikia, lakini zawadi ya mtoto haiwekwi stoo kama jembe bovu. Alishaanza kukasirika, na mimi wa kumtuliza nilikuwa nje natoka jasho. Hapo akatokea mkubwa wake Rehema, msimamizi wa vyumba, mtu mfupi wa makamo anaitwa Maganga. Nikajua mtoto ameharibikiwa. Maganga alichungulia ndani, akanusa, akauliza wazee wanatoka wapi. Rehema akajibu kwa sauti ndogo, Uluguru.

Maganga akapiga makofi. "Watani zangu hawa. Kumbe ndiyo maana. Mmeona mje na mlima wenyewe?"

Mama Rehema akamtazama juu mpaka chini. "Wewe Mnyamwezi?"

"Wa Tabora kabisa."

"Basi unauliza nini? Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka huko mpaka pwani. Beba."

"Nabeba, mama. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi mzigo wa Mluguru haurudishi."

Akaunyanyua mkungu begani, akamwita mwenzake akachukua fenesi na magimbi, wakaondoka navyo mbio jikoni. Mtani akishika kitu chako, hicho kimekwenda, na ukinuna ni aibu yako. Mama Rehema alibaki amesimama, mkono kiunoni, anacheka mpaka machozi. Kilichoishinda sheria kiliwezwa na utani. Jioni ndizi zile zilikuja mezani zimepikwa kwa nazi, na Maganga akatangazia watu kwamba zimetekwa vitani kutoka kwa Waluguru, wakazi wa mawinguni. Rehema alikula sahani mbili. Mama yake alimwangalia kila tonge.

Usiku wa kwanza, meli imetia nanga Unguja, nilijidai napenda upepo nikabaki juu kwenye viti. Mama Rehema alipanda kunifuata. Aliniletea blanketi la kitanda chake, akashuka kulala bila blanketi.

Siku ya pili asubuhi tulishuka Pemba, mchana tukaingia mkondo wa Pemba kuelekea Tanga, na hapo bahari ikaacha mchezo. Mama Rehema, aliyekuwa anapiga soga na kila mtu, alinyamaza, akawa wa kijivu, akaomba kulala. Nilimfikisha chumbani. Mimi nikakaa sakafuni korido, mgongo ukutani, mguu wangu umezuia mlango usijifunge. Nilikuwa namwona yeye kitandani, naye ananiona. Kichefuchefu, kitanda, chumba cha chini. Naomba mnielewe, sikuwa namwona yeye peke yake.

Kisha ikatangazwa milango yote ya vyumba ifungwe mpaka bahari itulie. Rehema alikuja anafunga mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwangu akachuchumaa.

"Baba, yote natakiwa kuifunga. Nikiuacha huu nitaulizwa."

Nikauondoa mguu, nikasimama. Nilikuwa nimeshageuka kwenda juu. Mama Rehema akaita kutoka kitandani, sauti yenyewe haina nguvu.

"Baba Rehema. Ingia."

Nikamwambia nitakuwa hapo juu, karibu tu.

"Sitaki wa karibu. Ingia, ufunge wewe mwenyewe."

Niliingia. Nilifunga. Mkono ukabaki kitasani. Akasema nifungue. Nikavuta, ukafunguka, Rehema bado yuko pale nje ametoa macho. Akasema nifunge. Nikafunga. Fungua. Nikafungua. Sijui ni mara ngapi, na meli inatupa huku na huku kama ungo. Mwisho Rehema akauliza kama tunagombana. Mama yake akamwambia aende akafanye kazi yake, baba anajifunza mlango.

Nikafunga tena. Akaniuliza chini kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Mlangoni je? Hakuna kitu. Akasema, angalia vizuri. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuwa anauliza kwa ajili yake. Nikatazama sakafu yote, toka kitanda mpaka kizingiti. Tupu, imefagiwa na mwanangu.

"Hakuna kitu, Mama Rehema."

"Kaa basi."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka miguu yake juu ya mapaja yangu, baridi kama ya samaki. Kisha akasema, amefumba macho, "Kaka yangu nilimlilia mimi. Wewe ulivuta magunia, nilijua siku ile ile nilipoona mikono yako. Waliomuua ni Chandu na Kungu. Umeyasema majina hayo miaka yote na nimeyasikia yote. Leo usiyaseme. Nisugue miguu."

Nikasugua. Muda wote nilikuwa nasikiliza mlango. Baadaye nikawa nasikiliza pumzi zake. Baada ya hapo sikumbuki, maana nilijiegemeza nikapotea, na Mama Rehema anasema hata kengele ya chakula cha jioni sikuisikia. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda na meli ilikuwa inaondoka Tanga. Mama Rehema alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni lake la Idi na mtandio, mikono mapajani. Nikamuuliza Tanga ikoje. Akasema ipo.

Kurudi hakukuwa na mambo mengi. Dar tuliagana na Rehema, mama yake akamrekebishia kola isiyo na kasoro. Maganga alituletea mfuko wa mchele, akasema ni fidia ya vita, na Mama Rehema akamwambia mchele wenyewe una chuya kama maneno yake. Tulipanda basi, mizigo yote sasa inaingia mapajani.

Karibu na Mikese abiria mmoja mama, mwenyeji wa Mazimbu, alianza kumuuliza Mama Rehema habari za matembezi. Alisimuliwa Unguja, akasimuliwa Pemba na karafuu zake. Akauliza, na Tanga mama, ni mji mzuri? Mama Rehema akasema Tanga hakuiona, meli ilisimama asubuhi nzima, watu wakashuka wakarudi, yeye alikuwa chumbani.

Nikamgeukia. Gauni lile la Idi alilivalia kushuka. Nikamuuliza kwa nini hakwenda na wenzake.

"Ule mlango unalia kidogo ukivutwa," akasema. "Ungeamka."

Akarudi kwenye maongezi yake, kama amesema bei ya nyanya.

Basi nililojifunza ni hili, ndugu zangu. Nilikuwa nikidhani starehe ya chumba cha meli ni shuka na baridi ya darini. Kumbe starehe ni sakafu iliyo tupu, na kuna mtu mahali fulani aliyekubali kuwa mkali ili ibaki tupu. Chandu na Kungu walishindwa kitu hicho kimoja, mwanangu anakifanya kila siku kwa ufagio. Siwasamehe. Ila sasa naweza kuwachukia nikiwa nimelala vizuri.

Mvua zikiisha tunakwenda Tanga, mimi na yeye, kwa basi. Nitamwamsha mimi.