Aliyeiroga Rimoti ya Sostenes

Gari lilianza kupiga mayowe lenyewe asubuhi kweupe, na wa kwanza kushukiwa alikuwa bibi kizee ambaye hajawahi hata kukalia kiti cha gari dogo maisha yake yote.

Ndiyo, umesoma vizuri.

Hii ilikuwa Bugene, miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Kyerwa bado ipo ndani ya wilaya ya Karagwe, na gari dogo la mtu binafsi likipita, wachungaji wanasahau ng'ombe mpaka waingie kwenye mahindi ya watu.

Sostenes alikuwa mnunuzi wa kahawa. Msimu mmoja ukamnyookea, akavuka mpaka pale Murongo, akaenda Kampala, akarudi na gari jeupe la mtumba.

Gari lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Lakini kilichomtoa akili siyo gari.

Ni rimoti.

Kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kinaning'inia kwenye ufunguo. Unabonyeza, gari linaitika "kwi-kwi!", taa zinapepesa, milango inajifunga yenyewe.

Basi mzee mzima akawa mtoto.

Alibonyeza mnadani. Alibonyeza kilabuni, watu wanakunywa rubisi yao ya ndizi kwa amani. Alibonyeza msibani, jeneza linashuka kaburini. Kanisani padri akinyoosha mikono kubariki waumini, gari huko nje linaitika "kwi-kwi!" kwa niaba ya wote.

Edvina, mkewe, alikuwa anavumilia tu. Hata wakati wa kula, rimoti ilikaa pembeni ya sahani kama kitoweo.

Sasa, jirani yao alikuwa bibi mmoja mjane, Mukantabana. Alikuja kutoka Rwanda akiwa msichana, akaolewa hapo hapo, akazeekea hapo hapo. Edvina alipomzaa binti yake wa kwanza, Vestina, mvua imekata njia na hospitali haifikiki, ni mikono ya huyo bibi iliyompokea mtoto.

Jumamosi moja Mukantabana alikuwa anapeleka maharage gulioni Kayanga, kikapu kichwani. Akamkuta Sostenes anafuta vumbi kwenye gari.

"Mwanangu, unaelekea mjini? Nibebe na mimi."

"Bibi, hili siyo lori. Viti vyake ni vya kitambaa."

Bibi akacheka. Akalipapasa boneti kama mtu anayepapasa ndama.

"Haya, Imana ikulinde." Mungu akulinde, kwa lugha ya kwao. Akaenda zake kwa miguu.

Kesho yake asubuhi Sostenes akatoka kwenda kanisani, suti imenyooka, rimoti mkononi.

Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena kwa vidole viwili. Akabonyeza amefumba jicho moja. Akainyoosha juu kama anatafuta stesheni ya redio.

Wapi!

Akachomeka ufunguo kwenye kitasa, akafungua mlango kwa nguvu. Hapo ndipo kilipomwagika. Gari likapiga king'ora, taa zinawaka na kuzima, mbuzi wakakata kamba, watu wakatoka migombani na mapanga wakidhani kuna mwizi. Likalia mpaka likachoka, likanyamaza. Akiligusa tena, linaanza upya. Na kuwaka halitaki.

Sostenes akasimama jasho linamtiririka. Kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyegundua dawa.

"Mukantabana! Si mliona alivyolipapasa jana?"

"Baba Vestina," Edvina akasema taratibu, "hicho kidude kimeanza kuchoka wiki nzima. Siku hizi mpaka ulisogelee gari karibu ulikumbatie, na unabonyeza mara tatu ndiyo liitike. Si kama tochi inavyofifia?"

"Mama Vestina, wewe mambo ya gari umeyajulia wapi?"

"Tochi yetu ikififia huwa hatumtafuti mchawi."

"Hii siyo tochi! Hii imetoka Japani!"

Japani, kumbe, vitu havitumii betri.

Kule Kampala muuzaji alimweleza habari zote za ile rimoti, kwa Kiingereza cha haraka haraka. Sostenes akawa anaitikia "yesi, yesi" mpaka mwisho. Aliyoelewa ni ile yesi.

Akaitupa rimoti kitandani, akaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee Anastazi, aitishe kikao alasiri ile ile.

Edvina alijua kikao cha namna hiyo kinavyoishaga. Kinaanza na "ndugu wananchi", kinamalizika na nyumba ya mtu inawaka.

Akafunga mlango, akakaa kwenye mkeka na kisu cha kumenyea ndizi. Akatia ncha kwenye ufa wa ile rimoti, akasukuma. Haiendi. Akasukuma tena.

Ta!

Ikapasuka vipande viwili. Kipira cha vibonyezo kikarukia chini ya kabati, na Edvina akahisi ndoa yake imekifuata huko huko. Lakini katikati ya kile kidude palilala kitu cha duara, bapa, kinang'aa kama kifungo cha koti.

Akakifunga kwenye upindo wa kanga, akaomba baiskeli ya jirani, akakanyaga mpaka Kayanga kwa Ildefonsi, fundi saa wa sokoni. Jumapili ile fundi alikuwa amefunga kibanda, ikabidi amfuate nyumbani, anakula.

Ildefonsi akaigeuza geuza ile betri, akatafuna tonge lake lote kwanza.

"Shemeji, huyu marehemu amekufa kifo cha kawaida."

"Unayo nyingine?"

"Ninayo. Lakini ukiiweka kichwa chini miguu juu, haitakusalimia."

Edvina hakusikiliza vizuri. Alikuwa ameshafunga betri zote mbili, mpya na kuukuu, kwenye upindo wa kanga, ameshapanda baiskeli.

Aliporudi, uwanja wa nyumba yake ulishajaa. Akapita mlango wa nyuma. Kupitia dirishani alimwona Mukantabana amesimama peke yake karibu na gari, fimbo mkononi, kitenge cha kanisani bado kiunoni. Vijana wamemzunguka.

"Mama, sisi hatutaki vita," mzee Anastazi alikuwa anasema, kwa upole wa mtu anayetaka vita. "Lifungue gari la mwenzako tu, yaishe."

"Mimi nilifungue? Hata mlango wake sijui unavutiwa wapi."

"Anakana!" kijana mmoja akapaza sauti.

Sostenes, ili kutoa ushahidi, akagusa mlango. King'ora kikaanza. Watu wakarudi nyuma, wengine wakaanguka. Wengine wakainama, na walipoinuka walikuwa na mawe.

Ndani, Edvina akakitoa kipira chini ya kabati. Akaipachika betri, akarudisha kipira, akafunika, akabonyeza.

Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Hakuna.

Nje jiwe likagonga bati la jiko la Mukantabana. Edvina akamkumbuka Ildefonsi. *Kichwa chini miguu juu.* Akaibandua rimoti tena kwa meno, maana kisu hakukiona kilipoangukia. Akaigeuza betri, akafunika. Taa ndogo nyekundu ya rimoti ikamulika.

Akatoka mbio mpaka uwanjani, kanga imemfunguka, akabonyeza.

"Kwi-kwi!"

King'ora kikakatika. Milango ikafunguka. Ukasikia kuku wakichakura.

"Ni betri!" Edvina akapiga kelele, anahema, ameinua ile kuukuu wote waione. "Betri tu! Kama ya tochi! Hii hapa imekwisha, nimeweka mpya! Bibi wa watu hajafanya kitu!"

Watu wakaitazama betri. Wakamtazama Mukantabana. Wakaitazama betri tena.

Halafu mzee Anastazi akakohoa.

"Mmeona? Ameogopa, amelegeza."

"Amelegeza!" umati ukaitikia kwa furaha.

"Jamani, mimi ndiye niliyebadilisha betri, kwa mikono yangu!"

"Ndiyo, Mama Vestina. Na aliyekuongoza mikono ni nani?"

Kikao kikafungwa kwa kumshukuru mtuhumiwa kwa ushirikiano wake. Sostenes akawasha gari, akaenda kulizungusha, hata hakumwangalia mkewe.

Jioni jua likishuka Edvina akaenda kwa bibi na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Mukantabana alikuwa anaokota mawe uwanjani kwake, moja moja, anayatupa nje ya ua.

"Nusu ya vijana wale niliwapokea mimi, kama Vestina," akasema. "Mmoja alitoka hapumui, nikampulizia pumzi yangu. Leo ndiye aliyeshika jiwe kubwa."

Edvina akaweka kibuyu chini. Akainama, akaokota naye mawe.

Sasa ungetegemea bibi ahame, au wamsusie. Wala!

Wiki iliyofuata akaja Fidele, mfugaji wa upande wa mbugani, na redio iliyokata sauti.

"Bibi, nasikia wewe ukitaka kitu kinanyamaza, ukitaka kinaongea. Nisaidie."

Mukantabana akaitazama redio. Akamtazama Fidele. Mwanzo alitaka kumfukuza. Kisha akaketi vizuri.

"Nitakuombea. Lakini sharti uende kwanza Kayanga, ununue betri mpya, uzitie humo. Ukimaliza, uniletee."

Fidele akafanya hivyo. Bibi akaweka mkono juu ya redio, akasali Baba Yetu yote bila haraka, akafungua. Redio ikaimba.

Fidele akalia machozi.

Kuanzia siku hiyo uwanja wa Mukantabana haukukauka wageni. Tochi, redio, saa za ukutani. Wote walipewa sharti moja, na wote walipona. Waliokuja mikono mitupu wakarudi siku nyingine kumshukuru kwa sukari na mayai, na wale vijana wa mawe ndio waliomwezekea jiko upya bila kuombwa.

Na Sostenes?

Siku rimoti yake ilipochoka tena, alikwenda mwenyewe, jogoo kwapani, magoti chini.

"Bibi, nilikosa."

"Ulikosa, ndiyo. Nenda ukanunue betri. Mkeo aitie, yeye ana mkono mwepesi. Kisha mje hapa na gari."

Walipokwenda, bibi alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani. Akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti cha kitambaa, kikapu cha maharage mapajani.

"Maombi haya," akasema, "yanafanyikia Kayanga."

Sostenes akaendesha. Edvina alikaa nyuma, ameuma upindo wa kanga ili asicheke, na mpaka leo akisimulia hapo lazima aume kitu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma hapa, kitu kikizima mkononi mwako, kifungue kwanza hicho kitu, kabla hujamfungulia jirani yako mashtaka.