Nyama Aliyoinusa Mnyapara

Mnyapara alipokuja kumchukua mume wangu akawabebee Wadachi mizigo ya vita, alimchukua na ng'ombe wetu pekee, mwenye mimba. Alimchinja palepale uani, akaniamuru nipike. Nilipika huku mume wangu amefungwa kamba pamoja na wenzake kwenye migomba. Walipomaliza kula, mume wangu aliomba mchuzi kidogo tu kabla ya safari. Mnyapara alikiinua chungu, akaumwaga mchuzi miguuni pake.

"Mpagazi hula njiani," alisema.

Mume wangu hakurudi. Mwenzake aliyerudi aliniambia njaa na kuhara vilimwangusha huko milimani, wakamwacha kando ya njia.

Kisha Waingereza wakapanda kutoka kusini na Wadachi wakakimbia. Watu wa kwetu, huku ng'ambo ya Ipinda, wakawatoa ng'ombe waliowaficha kwenye matete. Kaka yangu alichinja dume, akaniletea paja na mbavu.

Niliikata nyama vipande vikubwa, nikaikaanga kwa samli hadi ikawa kahawia pande zote. Nikatia maji ya moto, nikafunika, nikaacha moto mdogo tangu asubuhi. Jua lilipokuwa utosini nikakoroga karanga zilizopondwa, mchuzi ukawa mzito, unashika mwiko. Ndizi zilikuwa zinachemka kwenye mafiga mengine.

Hapo ndipo yule mnyapara alipotokea. Hana kofia, kiboko wala viatu, mashavu yamebonyea. Alisimama mlangoni akanisalimu kwa upole, "Ugonile, mama." Siku ile aliniita "wewe mwanamke". Nikajua hakunikumbuka.

"Karibu, keti," nikamwambia.

Niliwaita wajane watatu wa jirani, ambao waume zao walifungwa kwenye kamba ileile. Nikampakulia mama mkwe wangu, nikawapakulia wao, nikajipakulia mimi. Mbele ya mnyapara niliweka bakuli tupu.

Alingoja. Alidhani chakula kinakuja. Tulikuwa tunachovya ndizi, mchuzi unatiririka vidoleni, naye koo lake likipanda na kushuka.

"Mama," alisema, "hata mchuzi tu."

"Mpagazi hula njiani," nikamjibu.

Ndipo aliponitazama vizuri. Alitazama uani, akaitazama migomba.

"Niliamriwa," alisema.

"Kumwaga mchuzi pia uliamriwa?"

Mama mkwe, ambaye ndiye aliyemzaa marehemu, akaninong'oneza, "Mwanangu, mpe mfupa aende. Mwenye njaa hafukuzwi." Nikauchukua mfupa mnono kuliko yote, nikaufyonza uboho mbele ya yule mtu mpaka ukaisha, nikamtupia mbwa.

Aliondoka akijishikilia ukutani, akashika njia ya Itungi. Wajane walinishukuru, "Ndaga, ndaga fijo," wakaniomba niwaongezee. Tulikula mpaka jasho likatutoka. Nyama ile ilikuwa laini, inaachia mfupa yenyewe, na sijapata kupika tamu kama ile tena.

Mama mkwe hakusema nami siku mbili. Wavuvi walipoleta habari kwamba mtu mmoja mgeni ameokotwa amekufa karibu na ufukwe, alilia. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Niliuliza kama alikuwa amevaa viatu, wakasema hapana. Nikaendelea kupepeta.